Halmashauri itangaze idadi ya walimu shule kwa shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna shule za msingi za Serikali zinavyoendeshwa katika halmashauri ndogo za vijijini hapa Tanzania, kama hii ninayoishi, ambako nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Kila yanapotangazwa matokeo ya darasa la saba huitishwa kikao cha tathmini, walimu wakuu wa shule zilizoshika mkia husimamishwa mbele ya wenzao wajieleze, kisha wote hurudi vijijini na maazimio yale yale ya mwaka uliopita: kambi ya darasa la mtihani, mitihani ya majaribio mfululizo na mchango wa uji. Katika vikao nilivyohudhuria sikuona hata mara moja jedwali linaloonyesha kila shule ina wanafunzi wangapi na walimu wangapi. Naamini jedwali hilo ndilo lingestahili kuwa ajenda ya kwanza, na kwamba halmashauri inapaswa kulibandika hadharani kabla haijamtaka mwalimu mkuu yeyote ajieleze.

Wananchi wengi huambiwa kwamba shule ni mali yao na kwamba zinasimamiwa na halmashauri yao, jambo ambalo ni kweli kwa sehemu tu. Sera, mitaala na uthibiti ubora viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Uendeshaji wa kila siku uko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia halmashauri, na mitihani iko mikononi mwa Baraza la Mitihani. Kupandishwa cheo na nidhamu ya mwalimu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kibali cha kuajiri hutoka Serikali Kuu, mshahara hulipwa na Hazina, na Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri huteuliwa na Rais. Diwani tunayempigia kura, ambaye ndiye tunayemkamata njiani kumuuliza kwa nini mtoto wa darasa la nne hajui kusoma, hana uwezo wa kumwajiri wala kumwondoa mwalimu hata mmoja.

Chini kabisa iko kamati ya shule, inayotambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, yenye wazazi waliochaguliwa na mwalimu mkuu akiwa katibu. Kwa maandishi kamati hiyo hupanga mipango ya shule, huidhinisha matumizi na kusimamia majengo. Kwa vitendo, wajumbe hukutana kuidhinisha matumizi ambayo miongozo ilikwisha kuyapanga, na hutafutwa kwa bidii zaidi pale inapohitajika nguvu kazi ya kusomba mchanga na mawe. Mamlaka yakigawanywa vipande vingi kiasi hiki, lawama hutafuta aliye karibu, na aliye karibu ni mwalimu mkuu.

Hata hivyo, lipo jambo moja lililo wazi ndani ya uwezo wa halmashauri, nalo ni kuamua mwalimu aliyekwisha kuajiriwa afundishe shule gani kati ya shule zake. Watumishi wa elimu huliita msawazo wa walimu, na maagizo ya kulifanya yametolewa mara nyingi. Anayetembea katika kata zetu ataona mwenyewe matokeo yake. Shule iliyo kando ya lami, karibu na makao makuu ya wilaya, ina walimu wa kutosha kiasi kwamba wengine wana vipindi vichache kwa siku. Ile iliyo ng'ambo ya mto, ambako pikipiki hazivuki wakati wa masika, ina walimu watatu au wanne kwa madarasa yote, na mmoja wao ni mwalimu mkuu ambaye siku nyingi yuko barabarani akipeleka taarifa na kufuatilia malipo.

Kinachoficha hali hiyo ni hesabu ya wastani. Kiwango kinachotumika ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Chukua shule ya kijijini yenye wanafunzi 180: kwa kiwango hicho inahitaji walimu wanne tu, na ikiwa nao, katika taarifa ya wilaya itahesabiwa kuwa ikama yake, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, imetimia. Lakini shule hiyo ina darasa la awali na madarasa saba, yaani madarasa manane yanayotakiwa kufundishwa kwa wakati mmoja. Hata walimu wote wanne wakiwa wazima na wakiingia darasani bila kukosa, bado nusu ya madarasa yatakuwa bila mwalimu kila kipindi. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 20 ina uwiano ule ule kabisa, lakini kila mkondo wake unaweza kupata mwalimu. Kwa hiyo kuzilinganisha shule hizi mbili kwa asilimia ya ufaulu, kisha kumuuliza mwalimu mkuu wa ile ndogo kwa nini amezidiwa, ni kumwonea.

Sababu za walimu kurundikana sehemu moja zinajulikana, na sipendi kuzifanyia mzaha. Mwalimu anayehamishwa anastahili kulipwa fedha za uhamisho, na halmashauri ambayo mapato yake ya ndani ni ushuru wa mazao na minada huona ni nafuu kumwacha alipo kuliko kuongeza deni. Wapo walimu wagonjwa wanaohitaji kuwa karibu na hospitali, wapo waliofuata wenzi wao, na katika vijiji vingi hakuna nyumba ambayo mwalimu wa kike aliye peke yake anaweza kuishi kwa usalama. Lakini zipo pia sababu ambazo hazisemwi kikaoni, za kujuana na za vimemo, na haziwezi kutenganishwa na zile za haki mpaka orodha iwekwe wazi na kila jina lililozidi mahali fulani liwe na maelezo yake. Kwamba jambo hili linawezekana tuliona mwaka 2017, Serikali Kuu ilipowahamishia shule za msingi walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliokuwa wamezidi. Zoezi lile lilikuwa na kasoro nyingi, lakini lilianza kwa kuhesabu.

Fedha nazo zina hesabu inayoziumiza shule ndogo. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipofanywa kuwa bila malipo, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Wazee watakumbuka kwamba kiwango hicho kina asili yake katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002, uliolenga dola 10 za Marekani kwa mtoto. Leo shilingi 10,000 hazifikii hata dola tano. Ile shule ya wanafunzi 180 hupata shilingi 1,080,000 kwa mwaka, yaani 90,000 kwa mwezi, na humo humo watoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na gharama za ofisi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo iliwekwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Simwonei wivu, kwa sababu najua ni kiasi gani cha posho hiyo huishia kwenye nauli na kuchapa mitihani, lakini nchi inayolipa zaidi kwa cheo cha msimamizi kuliko kwa uendeshaji mzima wa shule anayoisimamia inapaswa kuitazama upya hesabu hiyo. Ingefaa kila shule ipewe kwanza kiasi cha msingi kisichotegemea idadi ya watoto, ndipo ruzuku ya kichwa kwa kichwa iongezwe juu yake. Hilo liko nje ya uwezo wa halmashauri, na wabunge wetu walisemee.

Kuhusu ufaulu wenyewe, tunasherehekea asilimia bila kuuliza kilichomo. Katika matokeo ya mwaka 2024, watahiniwa waliofaulu nchini walikuwa asilimia 80.87, na halmashauri nyingi, yetu ikiwemo, hupima fahari au aibu yake kwa kujilinganisha na kiwango cha taifa. Kufaulu huko maana yake ni kupata daraja A, B au C, na daraja C huanzia alama 121 kati ya 300. Mtoto anaweza kukosa zaidi ya nusu ya maswali yote na bado akahesabiwa katika asilimia tunazozipigia makofi. Tena asilimia hiyo huhesabu waliofanya mtihani peke yao. Walioandikishwa darasa la kwanza pamoja nao kisha wakapotelea machungani, migodini na katika kazi za ndani mjini hawamo. Ningependa kuona idadi hizo mbili zikisomwa pamoja, pamoja na matokeo ya darasa la nne, ambako mapengo ya kusoma, kuandika na kuhesabu huonekana mapema wakati bado yanaweza kuzibwa.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, uamuzi ninaouunga mkono. Lakini matokeo ya kila shule bado yamo katika tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua na kuicheka shule ya kijiji jirani. Yaani matokeo ya shule yako wazi kwa dunia nzima, na mahitaji iliyonyimwa yamefungiwa kabatini. Takwimu hizo zipo: kila mwalimu mkuu huzijaza na kuzipeleka wilayani, kutoka huko huenda mkoani na TAMISEMI, lakini haziteremki tena kijijini zilikotoka.

Ndiyo maana naomba halmashauri za vijijini, kuanzia na ya kwetu, ziandae jedwali moja la ukurasa mmoja au miwili kwa kila kata, likionyesha kwa kila shule idadi ya wanafunzi kwa darasa, walimu waliopo kazini, walimu walioazimwa kufanya kazi za ofisi, vyumba vya madarasa, nyumba za walimu, matundu ya vyoo na ruzuku iliyopokelewa. Majina ya walimu hayahitajiki. Libandikwe katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi, na liwe mbele ya kamati ya madiwani inayosimamia elimu kabla bajeti haijapitishwa. Nimewahi kuambiwa kwamba jambo hilo litazua ugomvi kati ya kata na kata. Huenda, lakini diwani wa kata yenye walimu watatu ana haki ya kugombana. Wengine watasema kwamba tatizo ni uhaba wa walimu nchi nzima na kwamba kuwagawa upya hakuongezi hata mmoja. Uhaba upo kweli, lakini halmashauri isiyoweza kuonyesha imewagawaje iliowapata itaombaje wengine na isikilizwe?

Muda wenyewe hauko upande wetu. Chini ya sera iliyoboreshwa mwaka 2023 elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza la saba, kwa hiyo Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Hao ni pamoja na watoto wa shule ile ya walimu wanne. Madawati, vyumba na walimu watakaowapokea vinatakiwa kuonekana katika bajeti zinazoishia na ile ya 2027/28, na madiwani hawataweza kuzijadili kwa maana yoyote ikiwa hawajui, shule kwa shule, wanaanzia wapi.

Mzazi, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule
(Jina na anwani vimehifadhiwa)