Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Mvua inazama wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kila msimu wa upandaji miti, wizara yako hututangazia idadi ya miche iliyopandwa. Sina ugomvi na miche. Ugomvi wangu ni na kipimo, kwa kuwa idadi hiyo haituambii mvua ikinyesha mlimani itaelekea wapi.

Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Likikuta udongo mtupu hupasua mabonge, chembe laini huziba vinyweleo, na juu panafunga ukoko. Maji yanayofuata hayana pa kuingilia, yanateremka bondeni na udongo wenyewe. Baada ya muda watu wale wale waliolia mafuriko wanalia ukame, na serikalini yanaandikwa kama majanga mawili tofauti.

Palipo na nyasi na majani makavu, tone hilo huvunjwa nguvu. Mizizi iliyooza imeacha mirija ardhini, mchwa na nyungunyungu wamechimba mingine, na mboji imeshikanisha chembe zikawa punje zenye nafasi kati yake. Maji huzama, mimea hunywa yake, yanayobaki hushuka polepole kulisha chemchemi wakati wa kiangazi.

Wengi hudhani kinga ni matawi. Ingia kwenye shamba la misaji (mitiki) ambalo moto umeteketeza nyasi na majani makavu chini ya miti. Maji hujikusanya kwenye yale majani mapana na kudondoka kwa matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Miti ikiwa mirefu, matone hayo hurudia karibu kasi yake yote. Inama utazame: vijiwe vimesimama juu ya vinguzo vya udongo, kila kimoja kimekinga sehemu yake, pembeni kote pameshaliwa. Kwenye ramani zetu hapo ni msitu.

Linalonisumbua zaidi ni kupanda miti kwenye nyanda za nyasi za asili, eti ardhi imekaa bure. Misonobari na mikaratusi hunywa maji mengi kuliko nyasi au vichaka vya asili, tena mwaka mzima. Afrika Kusini walilipima jambo hili katika mabonde ya Jonkershoek tangu miaka ya 1930, na Sheria yao ya Maji ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa mito, kwa hiyo yanahitaji kibali. Kusini magharibi mwa Australia yalitokea ya upande wa pili: walifyeka uoto wa asili wenye mizizi mirefu wakalima ngano, maji ya chini ya ardhi yakapanda, yakaja na chumvi iliyokuwa imelala humo, na mashamba yakaharibika. Huku miti imezidi, kule imepungua, na mahali pote pawili udongo ulikuwa umezoeana na mimea yake kabla hatujaingilia.

Ombi langu halihitaji bajeti kubwa. Chukua kipande cha bomba pana, kipigilie ardhini sentimita chache, mimina maji uliyoyapima, hesabu dakika mpaka yazame. Rudia papo hapo mara kadhaa, maana udongo mkavu hudanganya mwanzoni. Afisa ugani apime shambani, malishoni na kwenye uoto wa asili wa jirani wenye udongo wa aina hiyo hiyo, halafu arudi misimu inayofuata.

Matokeo hayo yachapishwe kando ya idadi ya miche. Upandaji kwenye nyanda za nyasi na ardhi oevu usimame hadi athari yake kwa mito ijulikane. Na pale ambapo mizizi na mbegu bado zimo ardhini, mifugo na moto vikizuiwa kwa misimu michache uoto huota wenyewe. Maeneo hayo nayo yahesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, ingawa hayana sherehe ya kukata utepe.

Wako,
Mwananchi mtumia maji