Seva ikibadili ufunguo: linganisha kwanza, ufute baadaye

Kila tukihamisha seva ya mteja, lalamiko ni lile lile: "Siwezi kuingia, na kompyuta inasema huenda kuna mtu ananisikiliza. Mmefanya nini?" Kisha bili inafika, ina mstari wa "kuhamisha funguo za seva", na lalamiko linazaa la pili.

Kwenye SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ufunguo wa seva si ule unaoutumia wewe kuingilia. Wako huiambia seva kwamba ni wewe. Wa seva hukuhakikishia kwamba umeifikia mashine uliyoikusudia, wala hakuna aliyejipenyeza katikati kuinasa nywila yako. Faili zake hukaa /etc/ssh, kwa kawaida za aina tatu: RSA, ECDSA na Ed25519. Ukiunganisha mara ya kwanza, unaonyeshwa alama ya ufunguo, yaani muhtasari wake mfupi, inayoanza na SHA256: na kuulizwa kama unaikubali. Ukikubali, ufunguo unaandikwa kwenye ~/.ssh/known_hosts. Siku seva ikileta ufunguo mwingine, SSH inapiga kelele na kukata.

Hapo ndipo watu hufuta known_hosts nzima. "Nilifuta, ikakubali." Ingekosaje kukubali? Umemnyang'anya mlinzi daftari la majina, na umepoteza kumbukumbu za seva zako nyingine zote. Wengine huandika kwenye mipangilio StrictHostKeyChecking no, yaani "usikague ufunguo kwa ukali". Hata hapo OpenSSH, programu ya SSH yenyewe, hujitahidi kukuokoa: ufunguo ukiwa umebadilika, inaunganisha lakini inakataa kutuma nywila. Basi wanaongeza UserKnownHostsFile /dev/null, yaani kumbukumbu zitupwe, na kinga hiyo ya mwisho nayo inakwisha. Mistari hii miwili tunaikuta zaidi kwenye skripti za nakala rudufu, yaani mahali data yote inapopita.

Fanya hivi. Ingia kwenye seva kwa konsoli ya mtoa huduma (skrini ya seva unayoifungua kupitia akaunti yako kwake), si kwa SSH, maana huwezi kumuuliza mtuhumiwa akuthibitishie jina lake mwenyewe. Andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Linganisha alama yote na ile iliyo kwenye onyo, si herufi nne za mwanzo. Angalia pia aina: wengi hushtuka bure kwa kulinganisha alama ya RSA na ya Ed25519. Ikiwa programu yako ni ya zamani na inaonyesha jozi za herufi zilizotengwa kwa nukta mbili, ongeza -E md5 kwenye amri hiyo.

Zikilingana, ondoa seva hiyo moja tu:

ssh-keygen -R jina-la-seva

Ukiwa huingia pia kwa anwani ya IP, irudie kwa IP. Kama mlango (port) wa SSH si 22, andika '[jina-la-seva]:2222' pamoja na alama za kunukuu. Faili ya awali inabaki kama known_hosts.old. Kisha unganisha, na badala ya kujibu yes, bandika alama uliyoitoa kwenye konsoli. Tangu OpenSSH 8.0 programu inalinganisha yenyewe, na macho yaliyochoka hayahusiki tena.

Zisipolingana, usiandike nywila. Tupigie.

Sasa ule mstari wa bili. Kwenye uhamisho wa kawaida tunabeba faili za ssh_host_ hadi mashine mpya, mwenyewe akiwa root (mtumiaji mkuu) na ruhusa 600, yaani yeye tu kuzisoma na kuziandika, kwa zile za siri; zikiachwa wazi zaidi, sshd, programu ya SSH upande wa seva, inakataa kuzipakia. Tunapima kwa sshd -t kabla ya kuiwasha upya. Ikienda sawa, huoni onyo lolote, na ndiyo maana kazi hii huonekana kama haikufanyika. Lakini seva ikiwa imedukuliwa, au ufunguo wa siri umevuja, hatubebi kitu: tunafuta, tunazalisha upya kwa ssh-keygen -A, na onyo utaliona. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, nao walibadili ufunguo wao wa RSA tarehe 24 Machi 2023, baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi.

Seva zilizonakiliwa kutoka taswira moja (nakala kamili ya diski) ni balaa jingine. Zote zina ufunguo mmoja, kwa hiyo anayeiteka moja anaweza kujifanya yoyote kati yao. Tunafuta funguo kwenye taswira ili kila nakala izalishe zake inapowaka mara ya kwanza.

Mwenye seva nyingi tunamshauri vyeti: kila ufunguo wa seva unasainiwa na ufunguo mmoja mkuu, na watumiaji wanaweka mstari mmoja wa @cert-authority kwenye known_hosts. Seva mpya ikija, hakuna anayeulizwa chochote.

Funguo zikibadilika, alama mpya tunazisoma kwa simu kabla ya kuwasha mashine. Kama hujasomewa yako, usijibu yes.