Barua kwa Mwanangu Kuhusu Orodha Yake

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma mara mbili orodha uliyonitumia ya mambo unayotaka kuyatimiza kabla ya kufa, na nimefurahi kwamba umeyaandika, kwa maana wengi wetu huyaweka moyoni mpaka yakazeekea humo. Umeyapanga kwa ukubwa: Kilimanjaro juu kabisa, kisha marathoni, kisha lugha ya tatu, na mwishoni, kwa herufi ndogo, "kukaa na bibi anisimulie maisha yake." Ningekuwa wewe, hilo la mwisho lingekuwa la kwanza.

Daftari langu bado ninalo. Nililianza nikiwa na miaka 24, umri wako wa sasa, na jambo la nne katika ukurasa wa kwanza ni kurekodi sauti ya babu yako. Nilinunua kaseti, ikakaa kabatini ikiwa bado imefungwa kwa nailoni yake, nami nikingoja juma ambalo sote wawili tungekuwa na nafasi. Alifariki kabla sijaifungua. Mstari ule sijaufuta mpaka leo, na kila nikifunua ukurasa huo ninausoma.

Mlima wa mita 5,895 utakungoja. Marathoni nayo, kilomita zake 42.195, ina subira kuliko unavyodhani: Fauja Singh alikimbia ya London mwaka 2000 akiwa na miaka 89. Mimi mwenyewe nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 47, katikati ya watoto wadogo, na siku mwalimu alipouondoa mkono wake mgongoni mwangu na maji yakanibeba, nililia palepale bwawani.

Jambo moja katika orodha yako linanitatiza, nalo ni "kuwa na furaha zaidi." Utajuaje kwamba umelitimiza? John Goddard, Mmarekani aliyeandika malengo 127 akiwa na miaka 15 na akatimiza zaidi ya 100, aliweka kuusafiri Mto Nile, lakini aliweka pia kupiga taipu maneno 50 kwa dakika. Yote mawili yanapimika. Andika kitendo, mwanangu, na ukiweza andika na tarehe.

Tarehe nyingine hazipangwi na sisi. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika sita. Ningependa twende pamoja, kwa hiyo tuanze kuweka akiba sasa.

Na kuna nyota yenye mkia iitwayo Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi, babu yako aliniamsha alfajiri, akanibeba mgongoni hadi nje, akanielekeza kwa kidole mpaka nikaona kiwingu hafifu cheupe. Aliniambia kwamba itarudi mwaka 2061, na kwamba yeye hatakuwepo ila mimi huenda nikawepo. Nitakuwa na miaka 85 nawe utakuwa na 60. Iandike katika orodha yako. Macho yangu yakiwa yamefifia, utanielekeza kwa kidole.

Jumamosi hii bibi yuko nyumbani siku nzima. Nimekwisha kumwambia kwamba unakuja.

Mama yako