Mwanangu, na mimi ni mjumbe

Bunazi, Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaninyima usingizi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako siku hizi ina watu wengi. Jumapili nilipokupigia ilipokelewa na kijana akasema yeye ni msaidizi wa mheshimiwa. Nikamuuliza, mheshimiwa yupi? Akajibu, "Mheshimiwa mtarajiwa, mama." Nikakata. Fomu za kuomba ubunge kupitia CCM zinaanza kutolewa tarehe 28, wewe tayari una mpambe wa kupokea simu ya mama yako!

Kwamba umetia nia ya ubunge nimeambiwa sokoni, na muuza dagaa. Wewe hukuniambia. Hilo limeniuma kidogo, nalisema mapema lisije likaoza moyoni.

Sasa nisikilize. Sikuandikii kukukataza. Una miaka 46, umevaa magwanda ya jeshi letu, JWTZ, miaka 25, nani wa kukukataza? Nakuandikia kwa sababu kuna jambo umelisahau: mimi ni mjumbe, mmoja wa wanachama wanaopiga kura ndani ya Chama kuchagua nani agombee. Siku ya kura za maoni nitakuwa ndani ya ukumbi, karatasi mkononi, na wenzangu wa UWT, umoja wa wanawake wa Chama, niliokaa nao vikao tangu wewe hujaota ndevu. Wapambe wako wanakwambia habari za wajumbe kama watu wanavyosimulia habari za simba ambaye hawajawahi kumwona. Mimi nalala pangoni.

Mwaka 2020 vijana walikuja na ule msemo wao, "wajumbe si watu wazuri". Nchi nzima ikacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilijua walichokuwa wanasema. Mwaka ule kura zilihesabiwa hadharani. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu safi, aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Alikuja kwangu nyumbani, tukala naye ndizi, nikamwambia, "Mwalimu, kura yangu unayo." Najua wenzangu wasiopungua kumi waliomwambia hivyohivyo. Zilipohesabiwa akapata sifuri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama mmoja mmoja, kama anaita mahudhurio darasani. Mimi nilikuwa nimempigia mwingine, ambaye jioni ya kuamkia siku ile alitupa kila mtu bahasha ya "nauli". Kutoka kwangu mpaka ukumbini ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Nakwambia wewe ujue unaomba kura kwa nani. Zamani bahasha kama hiyo iliitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na sheria iliiruhusu, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Jina likafa, mkono ukabaki. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanazunguka, wanakamata huyu na yule, lakini bahasha hupita gizani na giza ni refu.

Kwa hiyo nisiposikia wajumbe wakitaja Kongo, ulikokwenda kulinda amani, sishangai. Nakwambia kwa sababu nimesikia wapambe wako wanasema utapita kwa historia yako. Mwanangu, historia yako naijua kuliko mtu yeyote. Mwisho wa Oktoba 1978 nilivuka mto Kagera na mimba yako ya miezi sita, kahawa tumeiacha uani imeanikwa, ng'ombe tumewaacha zizini, askari wa Idi Amin wakaja kuwachukua. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Ulizaliwa Januari huko Muleba, kwenye nyumba ya watu wasiotujua, na usiku ule nilikutazama nikasema, huyu Mungu akipenda hatashika bunduki. Mungu akapenda vingine.

Na mwaka 2013, ulipokuwa Kongo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa kuwakabili waasi wa M23, nililala na redio kifuani. Siku ile ya Julai iliposema askari saba wa Tanzania wameuawa, nilisikia "saba", sikusikia "Darfur", kule Sudan, siyo Kongo ulikokuwa wewe. Jirani ndiye aliyeniokota sakafuni. Saa nzima nililia kwa ajili yako, halafu nilipoelewa nikaanza kulia kwa ajili ya mama zao saba, nikaona aibu kwamba machozi ya pili yalikuwa mepesi kuliko ya kwanza.

Mimi hayo hayanitoki. Lakini mjumbe wa huku anayetazama migomba yake imekufa kwa mnyauko hawezi kuyala. Atakupigia saluti njiani, atakuita Afande, atakuacha uzungumze juu ya nidhamu. Jeshini ukitoa amri mtu anasema "ndiyo Afande" na anakwenda. Huku pia watasema "ndiyo Afande". Hawatakwenda.

Tena wenzako unaoshindana nao wana neno moja la kukumaliza: kadi yako ya Chama ina wino mbichi. Wewe utasema Katiba, ibara ya 147, ilikukataza kujiunga na chama ukiwa jeshini, ukaruhusiwa kupiga kura tu. Ni kweli, na mimi nitalisema hilo popote. Usijifananishe tu na Rais mstaafu Kikwete au Kanali Kinana aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama, kama nilivyosikia ulivyosema kwenye ule msiba wa Kassambya. Wale walikuwa ndani ya Chama wangali na vyeo vyao, enzi za chama kimoja, jeshi likiwa na makamisaa, maofisa wa siasa. Vyama vingi vilipokuja 1992, Kikwete akavua magwanda akabaki na siasa, na siasa ilikuwa inamfahamu tayari. Wewe umetoka jeshini mwaka jana. Matawi yetu unayajua kwa majina tu.

Na hata mgombea binafsi hakuna. Mchungaji Mtikila alihangaika na jambo hilo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda mwaka 2013, lakini mpaka leo huwezi kusimama bila chama. Mlango ni huu mmoja. Na mwaka huu una komeo la ziada, maana Kamati Kuu ya Chama itachuja kwanza ndipo itarudisha majina yasiyozidi matatu tuyapigie kura. Unaweza kumaliza kiinua mgongo chako chote kuwaona wajumbe, halafu jina likakatwa Dodoma kabla hata sijanoa penseli. Hiyo hela nani atakurudishia?

Hapo ndipo ninapotaka ukae kitako.

Laki tano ya fomu sina neno nayo. Ni hela nyingi, lakini ni yako. Ninachokiogopa ni huyo mfadhili. Nimesikia kuna mfanyabiashara amekuahidi gari na mafuta na fulana, na kwamba hataki kitu, anapenda vijana waliotumikia nchi. Mwanangu, umekulia kwenye kahawa. Marehemu baba yako alifanya butura, kuuza kahawa kabla haijaiva, mara moja tu maishani, mwaka ule ulipotakiwa kwenda sekondari. Kahawa ikiwa bado maua, mtu akaja na hela mkononi, akainunua yote ikiwa mtini kwa bei ya kutupa. Tulipovuna, tulichuma kwa mikono yetu, tukaanika kwa mikono yetu, tukampakilia yeye. Unakumbuka ulivyomuuliza baba, "Hii si yetu?" Alikaa kimya mpaka tukamaliza kula.

Mtu anayekununulia mafuta leo anakununua ukiwa maua. Na sisi tunaopokea nauli ya dakika kumi tumejiuza vilevile, kwa hiyo usidhani nakusema wewe peke yako.

Ungeniuliza, ningekwambia chukua fomu ya udiwani. Ni elfu hamsini. Diwani ndiye anayeamshwa usiku mama mjamzito akikosa usafiri, ndiye anayetukanwa barabara ikikatika. Ukae miaka mitano, watu wakuzoee, uwajue wanaodaiwa na wanaodai. Lakini najua udiwani umeuona mdogo, tena yule mpambe wako hataweza kusema "msaidizi wa mheshimiwa" kwa madaha yale.

Ukiamua ni ubunge, basi njoo mwenyewe, bila gari la mtu. Njoo na mkeo. Panda pikipiki uende matawini, ukae kwenye benchi, unywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo wakikupa, usikilize zaidi ya kusema. Watakuomba nauli, waambie huna. Wengi watakucheka. Ukija kwangu, sitakupikia kama mwana, nitakuuliza kama mjumbe: utafanya nini na watu wanaonunua kahawa mtini? Nasikia unasema unataka kuitumikia nchi. Umeshaitumikia. Nataka jibu la kahawa.

Usinitangaze kwenye hesabu zako kwamba "kura ya mama ipo". Mwalimu naye alikuwa na kura yangu.

Senene nimekukaushia, nimempa kondakta wa basi la Morogoro, zimo kwenye kopo la maziwa. Wagawie watoto kabla wapambe hawajazimaliza. Na lile shamba la kule bondeni, umemwomba mdogo wako akutafutie hati ya kimila ili uipige picha. Asihangaike. Iko kwenye sanduku langu, ufunguo ninao shingoni pamoja na rozari, na ninalala navyo.

Mama yako