Harambee ya friza: kazi ya binti yetu isiyeyuke

Wapendwa katika Bwana,

Tunaandika tukiona haya. Juzi tu mlituezekea paa, na siku ile kamati iliahidi kwamba haitawagongea tena milango hivi karibuni. Hatujasahau mlichotoa, wala hatujasahau ahadi yetu. Lakini wikendi iliyopita umeme ulikatika katika maabara anakofanyia kazi binti yetu, yule mliyemwombea alipokwenda kusomea maikrobiolojia, elimu ya vijidudu, na uliporudi friza yake kuukuu haikuwaka.

Friza hiyo hutunza sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Jumatatu asubuhi alikuta maji sakafuni. Ndani, vile vichupa visivyozidi urefu wa kidole gumba, kila kimoja na namba aliyoiandika kwa mkono wake, vilikuwa vimelegea kwenye visanduku vya karatasi vilivyolowa. Siku nne mfululizo amejaribu kuwaotesha upya bakteria waliokuwamo. Rafu za chini bado zilikuwa na barafu, na wengi wameota. Za juu hazikuota kitu.

Wazazi, sampuli zile mnazijua. Ni za watoto wetu. Alikuja hapa baada ya ibada na vijiti vyake vya pamba, mkatia sahihi, mkawashika watoto vichwa akiwapitishia kijiti puani, nao wakapiga chafya na kulia. Aliendelea kuja mwaka baada ya mwaka. Mtoto aliyekuwa na miaka 2 wakati ule sasa yuko darasani, na pua yake ya wakati ule hairudi.

Anachokitafuta humo ni bakteria aitwaye Streptococcus pneumoniae. Huyu hukaa nyuma ya pua za watoto wengi bila kuwadhuru, kisha siku moja hushuka mapafuni na kuleta nimonia, au hupenya hadi kwenye utando wa ubongo. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani. Mwaka huohuo usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27.

Mimi katibu wenu nilikwenda kuona. Binti yetu hupaka bakteria kwenye kisahani chenye damu ya kondoo, akapanga juu yake vijiduara vya karatasi vilivyotiwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake huchukua rula. Pale dawa inapofanya kazi, karatasi huzungukwa na uwazi mpana usioota kitu. Alinionyesha kisahani cha mtoto mmoja: karatasi moja ilikuwa na uwazi mzuri, na nyingine bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wake, kama vile dawa haikuwapo. Dawa ya karatasi hiyo ya pili wengi wetu tumewahi kuimeza. Sikupata la kusema.

Maana tuseme ukweli, ndugu zangu. Mafua mengi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi, lakini mafua yakitushika tunainunua. Tunagawana vidonge na jirani, tunameza viwili vitatu tukipata nafuu, vinavyobaki tunaviweka kwenye droo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu alipopokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1945. Usugu huu tumeuchangia sote, nyumba kwa nyumba. Hatuwezi kumwachia binti huyu peke yake mzigo wa kuupima.

Taasisi yake imemjibu asubiri bajeti ya mwaka ujao. Wenzake wamemwazima droo mbili kwenye friza yao, na mwisho wa mwezi huu wanazihitaji. Ndiyo sababu ya haraka hii.

Tunaomba friza moja mpya, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na kengele inayotuma ujumbe kwenye simu joto likianza kupanda. Bei za wauzaji watatu ziko kwa mweka hazina, kila mshirika ana ruhusa ya kuzisoma. Fedha zitapokelewa na watu wawili kwa pamoja, kila mchango utapewa risiti, na hesabu itasomwa hadharani Jumapili baada ya ununuzi. Kikibaki kitu, kitanunua visahani na damu ya kuoteshea.

Hatumpangii mtu kiwango. Mungu anajua alichokuweka mkononi, nawe unajua. Waliotoa kwenye paa hatuwadai, ingawa tukiwaona tena tutamshukuru Mungu. Wale ambao siku ile walisema watatoa baadaye, tunawakumbusha kwa upendo kwamba baadaye imefika.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya maombi ya asubuhi. Binti yetu atakuwapo na visahani vyake, vimefungwa vizuri, ili kila mzazi ajionee. Asiyeweza kufika ampe kiongozi wa jumuiya yake mchango kabla ya Ijumaa jioni, na asiondoke bila risiti.