Mume wangu anataka tukazeekee Hispania

Shangazi,

Nakusalimu kutoka Leicester, japo kwa umri huenda mimi ndiye wa kuamkiwa. Nina miaka 62, mzaliwa wa Tanga, muuguzi huku Uingereza kwa miaka 27. Mume wangu ni Mwingereza, ana miaka 69, amestaafu. Ni mtu mwema. Hilo nalitanguliza usije ukadhani naleta kesi ya ndoa. Kesi yangu ni ya jua.

Mzee amechoshwa na baridi. Anataka tuuze nyumba tuhamie Fuengirola, kusini mwa Hispania, karibu na Málaga, kwenye ile pwani wanayoiita Costa del Sol, yaani Pwani ya Jua. Kila asubuhi ananionyesha picha za nyumba kwenye simu: baraza, bwawa la kuogelea, mlimau uani. "Wewe ndiye utakayefurahi zaidi," ananiambia, "umezaliwa kwenye jua." Namwangalia tu. Miaka yote hii nimelililia jua, na kila nilipoitaja Tanga aliniambia ni mbali, kuna joto, kuna mbu.

Februari tulikwenda wiki tatu kujaribu. Sitasema uongo, nilipapenda. Pale ufukweni wanawatunga samaki wa jamii ya dagaa kwenye vijiti na kuwabanika kando ya moto, ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Nilikula mpaka nikaona haya. Halafu kuna ngome juu ya kilima, inaitwa Sohail. Nikaambiwa jina hilo limebaki tangu enzi za utawala wa Waislamu, nalo ni la nyota. Shangazi, machozi yalinilenga. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, na nyota ya Suheli ndiyo aliyotuonyesha tukiwa wadogo. Kwake yeye hata upande wa kusini uliitwa suheli. Nikajiuliza kama hii si ishara. (Ndani ya nyumba tuliyopanga, lakini, tuliganda. Sakafu ni vigae vitupu, mabomba ya joto hakuna. Jua liko nje, ndani umevaa koti.)

Sasa nikueleze kilichonitoa usingizi. Siku moja tulikaa mkahawani, mzee akaenda msalani. Mama mmoja wa Kiingereza, mkazi wa huko wa siku nyingi, akaniinamia akaniuliza kwa upole kabisa nalipwa kiasi gani kwa saa kumtunza yule mzee, maana na yeye anamtafutia mama yake mtu. Nikamjibu kwamba namtunza bure tangu mwaka 1999. Akacheka, halafu akaelewa, uso ukamwiva. Mzee aliporudi sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia. Hata Leicester nimeshadharauliwa, tena na wagonjwa ninaowaosha. Ila Leicester nikitoka nje nakuta dada zangu sokoni, najibu kwa lugha yangu, yanaisha. Kule weusi wengi niliowaona walikuwa vijana wa Kisenegali wanaouza mikoba na miwani juu ya shuka, wanaikunja mbio wakisikia polisi. Waliniita mama.

Kuna na suala la karatasi. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, pasipoti yetu inaturuhusu siku 90 tu katika kila siku 180. Kuhamia kabisa kunataka viza ya watu wasiofanya kazi. Kipimo chao cha mapato ni euro 600 kwa mwezi. Mwombaji aonyeshe mara nne yake, yaani 2,400, na mwenza aongezewe 600. Hiyo ni euro 36,000 kwa mwaka. Tukikusanya pensheni zake na akiba tunafika, kwa kujibana. Lakini viza hiyo hairuhusu kazi, na pensheni yangu ya serikali ni mpaka nitimize miaka 67. Mimi niliyeanza kushika mshahara wangu nikiwa na miaka 22, kwa miaka mitano niombe hela ya sabuni!

Utauliza, kwa nini basi msiende Tanga? Hapo mzee ana hoja, na ameishika kama mkongojo. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila Aprili ukiwa unaishi Hispania. Ukiishi Tanzania inabaki palepale ulipoanzia, hata bei zikipanda vipi. Nilidhani ananitania, nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta ni kweli. Juu ya hayo, nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 2004, na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, naingia kwetu kwa viza kama mtalii. Kiwanja cha baba kule Mwambani kiko kwa jina la kaka. Mama bado yupo, ana miaka 85, na kila nikipiga simu ananiuliza nitarudi lini kama vile nimetoka jana.

Nilimpa mzee wazo la katikati: tusiuze, tukapange chumba kule siku 90 kila kipupwe, tukimaliza turudi. Akasema kupanga ni kutupa pesa. Dada yangu ananiambia nimfuate mume. Mwanangu anasema, "Mama, kataa." Wote wawili hawajaniuliza ninaogopa nini. Mimi ni muuguzi, Shangazi, siwezi kujifanya sijui hesabu. Mzee amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Akitangulia, nitabaki mjane mwenye Kihispania cha kuomba mkate, kwenye mtaa ambao watu wanataka kujua nilikuwa nalipwa ngapi kwa saa.

Nyumba yetu ina majina mawili, bila saini yangu haiuzwi. Naomba unishauri. Je, nimweleze yale ya mkahawani? Naogopa atasema naona dharau kila mahali, au atalia, maana nayo nimeshaiona. Na nikikataa kutia saini, nitakuwa nimemnyima mtu mgonjwa jua lake la mwisho? Au nina haki ya kusema kwamba mimi pia nina jua langu, liko Tanga, na sijalidai kwa miaka 27?

Dalali wa nyumba anakuja Jumatatu kuipima. Nilikuwa nimeomba zamu ya mchana ili nisiwepo. Jana nimeibadilisha.

Wako,
Binti Nahodha
Leicester