Kituko au ugonjwa? Tunachokiona kwenye video mnazotutumia

Jumapili moja saa mbili usiku tulipokea video ya paka dume mwenye rangi ya chungwa. Anaingia kwenye beseni la kufulia, anachuchumaa, anatoka. Anazunguka kidogo, anarudi, anachuchumaa tena. Watoto wanasikika wakicheka mpaka wanakohoa, na mama mwenye paka ameandika chini yake: "Daktari, huyu leo ana vituko!"

Tulimpigia simu papo hapo tukamwomba amlete usiku uleule. Alipofika, kibofu cha paka kilikuwa kimejaa, kigumu kama chungwa bichi ukikigusa. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba kwa chembechembe kama mchanga laini. Tulimlaza usingizi wa dawa, tukampitishia mpira wa mkojo, tukasafisha kibofu, na siku ya tatu akarudi nyumbani.

Yule mama anampenda paka wake, wala hakufanya uzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Video za namna hii tunaletewa kila wiki, na nyingi ni za wanyama wenye afya tele wanaofanya yale ambayo miili yao imeumbwa kuyafanya. Tunazifurahia kwelikweli. Ila chache kati yake mnyama anaumwa huku nyumba nzima inacheka, na hizo ndizo zilizotufanya tuandike makala haya.

Tuanze na paka anayenusa soksi ya baba, kisha akabaki mdomo wazi, mdomo wa juu umekunjika, macho yamesimama. Watu hudhani harufu imemchukiza. Kumbe anaivuta zaidi. Kwenye kaakaa lake, nyuma ya meno ya mbele, kuna vitundu viwili vidogo vinavyopeleka harufu kwenye kiungo kiitwacho cha Jacobson, chenye kazi ya kusoma kemikali wanazoacha wanyama wengine: nani amepita, ni dume au jike, yuko kwenye joto au la. Kama umekulia kwenye mbuzi umeshaliona jambo hili. Beberu akinusa mkojo wa jike huinua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kusimama hivyo kwa muda. Kiungo ni kilekile na kazi ni ileile. Soksi iliyoshinda mjini ina habari nyingi za kusomwa, mwache asome.

Paka anayekukanda tumboni kana kwamba anakanda unga wa chapati amebaki na tabia ya utotoni. Kitoto cha paka hubonyeza titi la mama yake kwa miguu ya mbele ili maziwa yashuke. Kucha zikikuchoma, mlete tumkate ncha, ni kazi ya dakika chache.

Kukoroma kwake akiwa macho, ile sauti ya kunguruma kooni, nako kuna jambo. Paka hukoroma akiwa ameridhika, na hukoroma pia akiwa na maumivu makali. Tumewahi kumpiga eksirei paka aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu, taya limevunjika, naye anakoroma mikononi mwetu muda wote. Ni kweli paka hujigeuza hewani akatanguliza miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey alilionyesha hilo kwa picha za mfululizo mwaka 1894. Lakini kutanguliza miguu si kutoumia. Kama unaishi ghorofani, weka wavu kwenye baraza na madirishani.

Sasa mbwa. Wengi wa hapa mjini hushinda bandani na kufunguliwa jioni mlinzi anapoingia. Mlango ukifunguliwa tu, mbwa anatoka kama mshale, anazunguka nyumba mara tano sita, matako chini, masikio nyuma, anakata kona hadi anateleza. Wengine hufanya hivyo baada ya kuogeshwa. Simu tunazopigiwa kuhusu jambo hili huwa na hofu ndani yake: "Dokta, si kichaa hiki?" Hapana. Ni nguvu zilizobanwa mchana kutwa, zinatoka kwa mkupuo. Baada ya dakika chache atajitupa chini, ulimi nje, na ukimwita atakuja. Mtembeze asubuhi kabla hujamfungia, utaona zile mbio zinapungua.

Kichaa cha mbwa hakina furaha ndani yake. Mbwa hubadilika tabia, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anapepesuka, anang'ata asichokuwa na ugomvi nacho. Ukiona hayo usimguse, tupigie. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na chanjo ya mbwa wako iwe haijapita muda wake.

Kuna kituko kimoja kinachotuuma moyoni, kwa sababu mbwa wengi wanachapwa kwa ajili yake. Unarudi kazini unakuta kiatu kimetafunwa. Mbwa ameinamisha kichwa, amegeuza macho pembeni, mkia umeingia katikati ya miguu. "Anajua kabisa alichofanya," baba mmoja alituambia akiwa amemshika mbwa wake mezani petu, "mwangalie tu uso." Tulimwangalia. Mbwa alikuwa anamwangalia mkono.

Mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliupima uso huo kwa mbwa 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Mbwa wengine walikula, wengine hawakula. Mwenye mbwa aliporudi, mara nyingine aliambiwa ukweli, mara nyingine aliambiwa uongo. Ikaonekana kwamba ule uso wa hatia haukufuata kosa bali ulifuata ukali wa mwenye mbwa. Waliokaripiwa ndio walioinamisha vichwa, na walioonyesha uso huo zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekula kitu.

Kwa hiyo unachokiona ni hofu. Mbwa amekusoma mwendo, bega na sauti kabla hujafika kwenye kiatu. Ukimchapa jioni kwa kiatu cha saa nne asubuhi, anajifunza kwamba kurudi kwako ni hatari. Mtoto wa mbwa hutafuna kwa sababu meno yanabadilika, na mkubwa mara nyingi hutafuna kwa upweke. Weka viatu juu, mpe kitu kigumu cha mpira cha kutafuna, na usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hupasuka na kumchoma matumbo.

Mbwa akiinamisha kichwa upande unapomsemesha, furahi. Watafiti wa Budapest waliripoti mwaka 2021 kwamba mbwa waliokuwa hodari wa kujifunza majina ya vichezeo vyao waliinamisha kichwa upande katika asilimia 43 ya majaribio walipoambiwa wakalete kimoja, wakati mbwa wa kawaida walifanya hivyo katika asilimia 2 tu. Lakini kichwa kikilala upande mmoja mchana kutwa, hata usiposema neno, na sikio linanuka au analikuna, hilo ni sikio linaloumwa.

Na yule anayejiburuza matako sakafuni, sebule nzima ikicheka? Anawashwa. Pembeni mwa njia yake ya haja kubwa kuna vitezi viwili ambavyo hujaa na kuhitaji kukamuliwa. Au ana minyoo aina ya tegu, ambayo vipande vyake utaviona vimekauka kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkia. Aina moja ya tegu hao huingia mbwa akimeza kiroboto. Ukimpa dawa ya minyoo ukaacha viroboto kwenye tandiko lake, umefanya nusu ya kazi.

Video endeleeni kutuma, kuziangalia hatutozi kitu. Zinatusaidia zaidi mkimchukua mnyama mwili mzima, dakika moja au mbili, bila kumwita wala kumchekea karibu, na mkituandikia ana umri gani, amekula lini na kituko kimeanza lini. Piga picha pia ya kinyesi au matapishi kama yapo.

Ila paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, mkojo hautoki au unatoka tone tone, analia au anajilamba sehemu za siri bila kuacha, huyo msitutumie video yake. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Ikiziba, madini ya potasiamu hupanda kwenye damu na kuuvuruga moyo, naye anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, mpigie dereva wa bajaji, na tupigie mkiwa njiani ili tuanze kuandaa meza.